Mji wa Milango Mirefu

Usingizi hauna adabu. Humwacha mtu usiku kucha akigeukageuka kitandani kama chapati kikaangoni, kisha humjia mchana kweupe, tena siku ambayo hatakiwi kabisa kulala. Mihambo, mrina asali, amekaa ukingoni mwa kitanda katika chumba cha uani cha nyumba ya dada yake, mjini Ipole, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine, na anajiambia kwamba halali, anapumzisha macho tu. Nje masufuria yanagongana, wanawake wanachekana juu ya mchele ulioungua, na watoto wanafukuzwa mara kwa mara kutoka kwenye turubai. Amekuja kwa baiskeli kutoka kambi ya warina asali ndani kabisa ya pori, ndoo ya asali imefungwa nyuma kwa mpira, miguu imekufa ganzi, maana bibi harusi wa leo ni Kalunde, mtoto wake wa pekee. Dada yake Nyamizi, ambaye ndiye shangazi wa bibi harusi na kwa hiyo ndiye serikali ya siku nzima, amemtazama macho yalivyomwiva akamwambia: Jinyooshe kidogo, kaka, utaamshwa. Na nisipoamshwa je? Utaamshwa, nimesema. Ila masikio uyaache wazi, unajua desturi yetu.

Anaijua. Kwa ukoo wao bibi harusi hatolewi kimyakimya kama mzigo. Hutoka amefunikwa, husimama mlangoni mbele ya watu wote, na huita: Baba. Huita mara moja tu, wala hataji jina. Mwanamume anayeitika ndiye anayemshika mkono na kumpeleka kwa mumewe, na tangu saa hiyo ndiye baba mbele ya ukoo mpaka kaburini, liwe liwalo. Katika nyumba nyingi jambo hili ni mchezo wa kuwachekesha wageni, maana nani mwingine ataitika? Katika nyumba hii wanaoweza kuitika ni wawili. Yupo Mihambo aliyezaa, na yupo Kisinza, fundi baiskeli, aliyemwoa mama yake Kalunde baada ya mama huyo kuchoka kuwa mke wa mtu wa msimu. Asali haiji nyumbani, unaifuata. Na kila mwaka miti ya karibu inakatwa, maua yanasogea, kambi inasogea, baba anasogea. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, watu husema, na husema wakimtazama yeye. Kalunde mwenyewe ameulizwa na shangazi yake akilini mwake kuna baba yupi, akatabasamu, akaendelea kuchorwa hina. Mihambo anaogopa. Hajawahi kuogopa nyuki kiasi hiki, hata wale wakali wa kiangazi. Anaogopa kwamba ataitika peke yake, au kwamba hataitika kabisa, na akiwa bado anapima lipi baya zaidi, kope zinashuka, na mlango wa chumba uliokuwa mbele yake uko nyuma yake, na amesimama barabarani.

Barabara ni ya mchanga mweupe, inakwenda mbele bila kona, na akigeuka anaona inakwenda hivyo hivyo nyuma, na pembeni zipo barabara nyingine zinazokwenda sambamba na hii, na juu ya kila moja kuna mtu wa mbali anayetembea kwa mwendo wake. Hewani kuna harufu ya maua. Hapo Mihambo anapata nguvu, maana pua yake ndiyo mali yake. Warina wengine hutundika mizinga kwa kutazama mti upi umechanua. Yeye hufumba macho, hunusa, husema ni kule, na hajawahi kurudi na mzinga mtupu. Harusi ina maua, anajiambia, na mwanangu ni ua langu, nitafuata pua nitafika. Fuata nyuki ule asali, wahenga hawakukosea. Anatembea, na kutembea kwenyewe ni kwepesi mno, nyayo haziachi alama, na mbele yake, palepale palipokuwa patupu, amesimama mwanamke mwenye kikapu kichwani. Hana uso. Pale penye uso pamelainika kama ndani ya kibuyu kilichokwanguliwa. Mihambo ni mtu wa heshima, anamwamkia hivyo hivyo kama mama yake. Mwangaluka, mayu. Mwangaluka, anaitikia mwanamke, japo hana kinywa. Namtafuta binti yangu, Mihambo anasema, anaolewa leo, ataita, nami sijui mlango wake ni upi. Kitendawili, anasema mwanamke. Mama yangu, leo sina nafasi ya vitendawili. Kitendawili. Na kinywa cha Mihambo kinajibu chenyewe, kama kinavyojibu kinywa cha kila aliyelelewa jikoni kwa bibi: Tega.

Nimefagia baraza, anatega mwanamke, nimechora njia mpaka mlangoni, nimejifukiza udi, na simjui ninayemngoja. Mihambo, akili yake yote iko kwenye harusi, anasema bibi harusi. Sivyo. Anasema mjane. Sivyo. Nipe mji. Kushindwa ni kushindwa. Anampa Inyonga, kwa kuwa ni mbali na hakumwumi sana. Mwanamke anaupokea mji kama mtu anayepokea yai, anauweka kikapuni. Nilikwenda Inyonga, anasema, nikala, nikanywa, nikalala kwenye godoro, na jibu ni ua. Ua, mrina asali! Hata hilo? Mihambo anaona aibu, mtu aliyekaa maisha yake yote na maua anashindwa na kitendawili cha ua. Lakini hana muda wa kuona aibu vizuri, kwa sababu barabara imejikunja na wako Inyonga, na Inyonga si ile anayoijua.

Ni mji wa mabaraza. Kila nyumba ina baraza pana, laini, lililoinama kidogo mbele kama kiganja kinachoomba, na juu ya kila baraza imechorwa mistari inayokwenda mpaka mlangoni, ili mgeni asipotee. Wanawake wamesimama milangoni, wamevaa manjano na zambarau, na mji mzima unanukia hivi kwamba Mihambo anasikia machozi. Wageni wanafika wakivuma, watu wanene wa mabega, wana manyoya kifuani, wanatua barazani, wanafuata mistari, wanaingia, wanakunywa, wanatoka migongo yao imejaa unga wa chavua, na wanakwenda nyumba ya pili kuupeleka bila hata kujua kwamba wametumwa. Wanangu, Mihambo anasema kwa furaha, nyuki wangu! Kuta za mji zinang'aa kama maji yaliyotulia kwenye ndoo, na ndani ya ukuta anajiona yeye mwenyewe akija kutoka upande wa pili, mdogo, mnene wa mabega, macho makubwa pembeni mwa kichwa, na hashangai, maana ndotoni mtu hashangazwi na lile analopaswa kulishangaa. Na pale, mlango wa mwisho, yuko Kalunde. Ni mtoto bado, amevaa manjano, ananukia nta na moshi kama alivyonukia siku zile alipobebwa mgongoni kwenda kuona mizinga. Baba, anasema, umekuja. Nimekuja, mwanangu. Kaa. Mihambo anakaa barazani, na baraza lina upana wake kamili, kana kwamba lilipimwa juu yake. Kaa mpaka mvua iishe, Kalunde anasema. Mvua gani, mwanangu? Anatazama juu, na kweli wingu linakuja. Na nyuki hawaruki kwenye mvua; mbawa zao ni nyepesi, mvua huwaangusha, baridi huwafunga. Nitarudi, anajisikia akisema. Hataki kusema hivyo. Anashika ukingo wa baraza kwa mikono yote miwili, lakini miguu imekwishaanza kwenda, mabega yanavuma yenyewe, na mtoto amesimama mlangoni hajalia wala hajamwita, anamtazama tu kama anayejifunza jambo.

Barabara sasa inapanda. Inapanda bila mlima, inapanda tu, na hewa inakuwa baridi, na mvua inayonyesha ni ile nyembamba isiyokwisha. Wale watu wa barabara za pembeni nao wanapanda. Mmoja anamtambua, ni yeye mwenyewe, na yule hamwangalii. Mwanamke asiye na uso yuko mbele tena, hajalowa. Kitendawili. Tega, anasema Mihambo, meno yanagongana. Mvua inanyesha, baridi inauma, wenye mbawa nyepesi wamejifungia. Ni nani huyo anapiga hodi? Mihambo anafikiri. Anasema mwizi. Anasema upepo. Anasema, kwa sauti ya chini, Kisinza. Nipe mji, anasema mwanamke. Anampa Tutuo. Nilikwenda Tutuo, nikala, nikanywa, nikaazimwa blanketi, na jibu ni ndege. Wenye damu ya moto, mrina asali. Ndege hana likizo.

Mji wa Tutuo ni ule ule wa Inyonga uliogeuzwa, kushoto kumekuwa kulia, na mlango wa mwisho umekuwa wa kwanza. Lakini mabaraza yamepungua. Mengine yamebaki ukingo tu, wa kuwekea kisigino. Mistari imefifia. Wanawake wako milangoni, manjano yao yameanza kuiva kuelekea rangi ya embe, na wananing'iniza shingo wakitazama barabara, na hakuna mgeni anayevuma. Mihambo anataka kuwaambia kwamba wageni wao si wabaya, wamelowa tu, wamejikunyata mzingani, watakuja jua likitoka. Kisha mgeni anakuja. Anakuja ndani ya mvua hiyo hiyo, ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda, manyoya yake yanametameta, yule ambaye watu humwita chozi. Hatazami mistari. Hanusi chochote, manukato yanampita kama maneno ya mlevi. Anaingiza mdomo, anakunywa kwa pupa, anataka zaidi, anakunywa, anaondoka. Mihambo anamwendea mwanamke aliyekuwa anapangusa kizingiti. Mayu, huyu ni nani wenu? Huyu ni anayekuja, anasema mwanamke. Na mnampendea nini? Nani kasema tunampenda, mwanamke anacheka, hebu mwone huyu. Kisha anaacha kupangusa. Nilikuwa na dada, anasema. Mlango wake ulikuwa mfupi, mzuri, wa kizamani. Ndege alikuwa akija, anakunywa, anaondoka, na unga wa dada yangu haukumgusa hata unyoya. Haukufika kokote. Dada yangu hakuacha mtoto. Mimi mlango wangu ulizaliwa mrefu kidogo, kwa bahati tu, kama mtu anavyozaliwa na masikio makubwa. Ndege akaingiza kichwa chote, paji la uso likajaa unga wangu, akaupeleka kwa jirani. Nina mabinti. Milango yao ni mirefu kidogo kuliko wangu, na yule mwenye mrefu zaidi ndiye atakayekuwa na mabinti wengi zaidi. Basi hadithi yetu ndiyo hiyo. Nani aliamua hivyo, anauliza Mihambo, nani aliwaambia mbadilike? Mwanamke anamtazama kwa huruma. Hakuna aliyeamua, anasema. Kama angekuwepo wa kulaumiwa ningekupeleka kwake.

Mihambo anaanza kumtafuta Kalunde kabla mji haujageuka tena. Anafumba macho, anatumia pua, kama anavyofanya porini siku zote. Na hapa ndipo anapokosea kosa ambalo ni mrina asali tu angelikosea, kosa la mtu aliyezoea kupatia. Anaamini kwamba ua lisilonukia halijachanua. Anapita mlango baada ya mlango. Harufu inazidi kuwa nyembamba, inakuwa uzi, uzi unakatika, anarudi, anaanza upya. Karibu na kisima anapita mbele ya msichana mrefu wa rangi ya embe lililoiva sana, shingo yake ndefu, ameshika fremu ya mlango kama mtu anayetaka kusema jambo. Hanukii. Mihambo anampita. Anazunguka mji, anarudi, anampita. Mara ya tatu msichana anafungua kinywa, naye Mihambo anainua mkono kwa adabu, samahani binti, namtafuta mtu, na anampita. Ndipo anapoona ndani ya ukuta unaong'aa, nyuma ya mgongo wake, yule msichana amemgeukia, na uso ni wa mama yake Kalunde kwenye mdomo na wa Mihambo mwenyewe kwenye macho. Anageuka upesi. Nyuma yake kuna barabara nyeupe tu, na mvua.

Anakimbia. Kukimbia katika nchi ile hakupunguzi kitu, barabara inameza mbio kama mchanga unavyomeza maji, lakini anakimbia, analia kama mtoto na haoni aibu, anasema nimemwona, nimemwona nikampita, ni mimi niliyempita. Mwanamke asiye na uso amekaa safari hii, kikapu mapajani. Kitendawili. Tega haraka, mama, tega. Nimebomoa baraza, nimetupa manukato, nimevaa nguo inayoonekana toka mlima hata mlima, na aliyenizaa ananiuliza njia. Kalunde, anasema Mihambo. Ni Kalunde! Ni mwanangu, hiki nimekipata. Mwanamke anatikisa kichwa polepole. Ni ua, anasema. Ni lile ua la kwanza. Wewe kila mara unajibu watu. Nipe mji. Sina mji mwingine. Kila mtu ana mji mwingine. Mihambo anajua ni upi uliobaki, na anajua hapaswi kuutoa, anaubana kinywani kwa meno, na unatoka. Ipole. Mwanamke anaupokea. Nilikwenda Ipole, anasema, nikala wali wa harusi, nikanywa togwa, nikaona bibi harusi akitoka. Akitoka? Ameshatoka? Mama, ameshaita? Mwanamke anainua kikapu kichwani na kuondoka, na kila hatua anayopiga mji unatoka chini ya miguu yake.

Ipole haina mtu. Nyumba zipo, turubai lipo, masufuria yanafuka moshi, na mji ni mtupu, ila umejaa sauti. Wanawake wanaimba karibu na sikio lake. Mtu anacheka. Nguo inamgusa mkononi na kupita. Hakuna hata baraza moja. Milango imekuwa mirija mirefu myembamba, imeinamia chini, na mtu mwenye miguu hana pa kukanyaga. Ndege peke yao ndio anaowaona. Wanakuja moja kwa moja bila kusita, wanashika boriti nene iliyoachwa juu ya kila mlango kama kwa ajili yao, wanapinda shingo, mdomo uliopinda unaingia kwenye mlango uliopinda kama ufunguo na kufuli lake. Chini ya mlango mmoja maji matamu yamefurika yanadondoka. Mihambo anayakinga kwa kiganja, anaonja. Ni mengi na ni mepesi, sukari yake ni ya kubahatisha. Nyuki angekufa njiani kwa kuyabeba. Haya hayakuwekwa kwa ajili yake, na hiyo ndiyo habari inayomchoma kuliko zote. Anamwita ndege aliye karibu. Ndugu yangu, wewe unawaona? Nani asiyewaona, ndege anasema, mji mzima unawaka. Unawaka rangi gani? Ndege anaitaja, na neno linapita sikioni kwa Mihambo bila kuingia. Anamwomba arudie. Linapita tena. Nina macho ya nyuki, Mihambo anaelewa, na kuna rangi moja ambayo nyuki hakupewa. Basi mwambie binti yangu niko hapa, anasema. Mwambie nampenda, nilimpenda mvua na jua. Ndege anapangusa mdomo kwenye boriti. Habari za kupenda sizijui, anasema. Mimi najua kuja. Na hasemi kwa kejeli; ndivyo alivyo.

Kalunde! Mihambo anaita katikati ya mji mtupu. Nipo, Baba, inajibu sauti, na iko hatua chache tu mbele yake, juu kidogo. Rudisha baraza, mwanangu, nipate pa kukaa. Siwezi, Baba. Uliliondoa kwa hasira? Hapana, sauti inasema, na ni sauti ya mtu mzima, tulivu, haina kinyongo, afadhali ingekuwa nacho. Sikuwa na hasira hata siku moja. Lilipungua tu, kidogo kwa kila msimu ambao hakuna aliyekaa. Na kupungua kukishapita, haulizwi tena mtu. Nitakuja hata kwenye mvua, Mihambo anasema, kuanzia leo nitakuja hata nikianguka. Basi njoo, Baba. Anapanda. Ukuta ni laini kama nta ya moto, hana pa kushika, anateleza, anapanda, anateleza, mabega yanavuma bure. Jua linakuwa kali. Sauti zote za mji zinanyamaza kwa pamoja, kama watu wanaponyamaza kungoja jambo. Na hapo juu, karibu na uso wake, ile sauti inaita: Baba. Mara moja. Mihambo anafungua kinywa kwa nguvu zake zote kuitika, na kinachotoka ni mvumo wa nyuki tu, mvumo mdogo, wa nyuki mmoja, na kabla hajavuta pumzi ya pili mwanamume fulani anasema, wazi, kwa sauti ya upole: Naam, mwanangu.

Vigelegele. Mihambo ameketi kitandani, shati limemganda mgongoni, mstari wa jua umesogea kutoka mlangoni mpaka kwenye godoro. Ninaota, anasema kwa sauti, na sauti ni ya mtu, si ya nyuki, kwa hiyo ameamka. Anajifinya paja, linauma, kwa hiyo ameamka. Nje vigelegele vinazidi. Anatoka mbio, hajavaa kiatu cha pili, anasukuma watu, samahani, nipisheni, mimi ni baba yake, na watu wanampisha kwa haraka inayotia wasiwasi. Mbele ya nyumba yuko Kisinza, fundi baiskeli, mikono yake isiyotakata grisi mwaka mzima leo imesuguliwa mpaka kucha. Mkono wa kulia ameunyoosha mbele, vidole vimekunjika kama vya mtu aliyeshika mkono wa mwingine. Ndani ya vidole hivyo Mihambo haoni kitu. Anaona kiganja, anaona ua wa nyumba nyuma yake, anaona jogoo anapita. Nyamizi anamjia kilemba kimelegea. Kaka! Mkono umeniuma kwa kugonga mlango! Nimegonga, nimekuita, umelala kama gogo! Kisinza anamgeukia bila kuushusha mkono. Ndugu yangu, anasema, usinielewe vibaya. Mtoto aliita, tukangoja. Alisimama juani na watu wakaanza kutazamana. Ilibidi mtu aitike.

Yuko wapi, anasema Mihambo. Nani? Kalunde, yuko wapi mwanangu? Mtu nyuma anacheka, kisha wengi, wanadhani mrina asali ana utani wake wa porini. Nyamizi hacheki. Mihambo, una nini, anasema taratibu, si huyo hapo mbele yako. Mihambo anatazama mbele yake. Anatazama kwa macho yote, na ni kama yale ya nyuki hayajamtoka. Labda sijaamka bado, anawaza, labda kuna kuamka kwingine baada ya huku, na anangoja kuamka huko kuje, na hakuji. Nilikuita wewe, Baba, inasema sauti, karibu kabisa, na inatetemeka kama ya mtu anayejizuia kulia mbele za wageni. Sikuwa na mwingine akilini, nilikuita wewe. Nilingoja. Nilingoja mpaka nikaona haya. Najua, mwanangu, Mihambo anasema. Ngoma imeanza upande wa bwana harusi, watu wanasogea, Kisinza anatembea polepole mkono wake mbele, akimwongoza asiyeonekana. Mihambo ananyoosha mkono wake mwenyewe kule alikosikia sauti, vidole vimefunguka, na anatembea kando yao hivyo hivyo, akingoja kuguswa.